Tunakula supu ya utumbo na inasagika. Kwa nini tumbo letu lenyewe halisagiki?

#1 Mpenda_Supu
Wakuu habari za jioni. Leo mchana nimepiga supu ya utumbo na chapati mbili, ndimu na pilipili ya kutosha. Nikiwa nafuta jasho, swali likanijia.

Utumbo wa ng'ombe ni nyama. Nikiumeza, baada ya saa chache umesagwa na asidi ya tumboni. Tumbo langu nalo ni nyama, na asidi ile ile inakaa humo usiku na mchana. Mbona hailisagi? Nimemuuliza jamaa mmoja msomi akanijibu "Mungu fundi". Sawa, ila mimi nataka kujua kafanyaje. Wanaojua waje.

#2 Fundi_Spana
Navuta kiti. Nasubiri madaktari wa mtandaoni.

#3 Mwalimu_wa_Zamu
Mleta mada, jibu la kidato cha pili ni ute, lakini ute peke yake hautoshi.

Ukuta wa tumbo kwa ndani umefunikwa na ute mzito. Chini ya huo ute seli zinatoa bikaboneti, inayoua makali ya asidi kabla haijafika kwenye nyama. Katikati ya tumbo pH (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) inaweza kushuka hadi 1.5 au 2. Ukipima pale ute unapokutana na seli, iko karibu na 7. Na umbali kati ya sehemu hizo mbili haufiki hata milimita moja!

Halafu kinachosaga nyama siyo asidi peke yake. Kuna kimeng'enya kinaitwa pepsini. Seli hazikitoi kikiwa tayari kwa kazi, zinatoa pepsinojeni, ambayo haina madhara. Ikishatoka nje ya seli na kukutana na asidi, ndipo inageuka pepsini na kuanza kukata protini. Na seli zenyewe za juu za ukuta hazikai sana, kila baada ya siku chache zinabadilishwa. Kinacholika kinazibwa.

Asidi yenyewe ni asidi ya haidrokloriki, ile ile ya maabara. Kwa siku tumbo linatoa kama lita 2 za juisi.

#4 Daktari_Mifugo
Mwalimu yuko sawa, ila swali lenyewe lina kasoro pale mwanzo. Ng'ombe ana vyumba vinne. Huo utumbo wa kwenye supu, hasa ile sehemu ya manyoya ambayo wengi mnaiita taulo, ni chumba cha kwanza. Humo hakuna asidi ya haidrokloriki hata kidogo, kuna bakteria wanaochachusha majani. Cha pili na cha tatu, kile cha kurasa kurasa, navyo hivyo hivyo. Chumba cha nne ndicho kinachofanana na tumbo lako, kinatoa asidi na pepsini.

Kwa hiyo hiyo nyama unayokula haijawahi kujikinga na asidi ya aina hiyo tangu ng'ombe azaliwe.

#5 Mpenda_Supu
@Daktari_Mifugo kumbe miaka yote nalipia chumba kisicho na asidi. Haya, nabadilisha swali. Nikila hicho chumba cha nne, kitasagika au hakisagiki?

#6 Daktari_Mifugo
Kitasagika vizuri tu. Kimekufa, ute umeoshwa, kimechemshwa, seli hazitoi tena bikaboneti. Kinga yote niliyoitaja na aliyoitaja Mwalimu inategemea damu inayopita. Mnyama akifa, ulinzi umekwisha.

#7 MzeeKobe
Vijana mnazunguka. Tumbo linajisaga, nani kasema halijisagi? Vidonda vya tumbo ni nini basi? Mama zetu walituambia usipokula kwa wakati asidi inakosa kazi inaanza kula tumbo. Mimi niliponea magadi na maziwa. Kijiko kidogo cha magadi kwenye maji ya uvuguvugu, unacheua mara mbili, unalala.

#8 Nesi_wa_Usiku
Mzee shikamoo. Tuongee taratibu.

Kukaa na njaa kunaweza kukuongezea kiungulia na maumivu kama kidonda tayari kipo. Lakini njaa haichimbi kidonda. Ingekuwa hivyo, kila Ramadhani ikiisha wodi zingejaa. Wanaochimba ni wawili hasa. Wa kwanza ni bakteria, Helikobakta pailori. Wa pili ni dawa za maumivu: asprini, diklofenaki, ibuprofeni, hizi ambazo watu wananunua duka la dawa kwa vidonge vinne vinne, wanameza wiki nzima bila kula.

Sababu ya hizo dawa kuumiza tumbo ni nzuri kuijua. Kuna kemikali za mwilini zinaitwa prostaglandini. Ndizo zinazoleta maumivu na homa, na ndizo hizo hizo zinazoliambia tumbo litoe ute na bikaboneti na kulipelekea damu. Kidonge kinazizima kote. Goti linapoa, na tumbo linabaki bila koti. Aliyegundua kazi hiyo ya asprini mwaka 1971, John Vane wa Uingereza, alipewa Nobel 1982.

Magadi yanatuliza kweli maana yanaua asidi papo hapo, huko kucheua ni gesi ya kabonidayoksaidi. Ila ni chumvi ya sodiamu, mwenye presha asiyazoee. Maziwa nayo yanatuliza kwa muda, baadaye protini na kalsiamu yake inalifanya tumbo litoe asidi nyingine.

#9 MzeeKobe
Marahaba. Magadi siachi.

#10 Fundi_Spana
Huyo bakteria si ndiye yule daktari wa Australia alimnywa kwenye glasi akapata vidonda vya tumbo, akajitibu, akapewa Nobel? Hiyo ndiyo sayansi, siyo hizi PowerPoint.

#11 Msomaji_Mkimya
@Fundi_Spana karibu, ila hakupata vidonda. Barry Marshall wa Perth alikunywa bakteria hao mwaka 1984. Ndani ya siku chache akaanza kichefuchefu na kutapika, na kipimo cha kuingiza kamera kikaonyesha tumbo limevimba kwa ndani. Uvimbe tu. Kidonda hakikuwepo, na wapinzani wake walilishikilia hilo miaka. Nobel alipata 2005 pamoja na Robin Warren, ambaye ndiye aliyemtangulia kuwaona kwenye hadubini.

#12 Fundi_Spana
Sawa mkuu. Lakini alikunywa.

#13 Kijana_wa_Mbeya
Mimi nilipima kinyesi wakasema ninao hao bakteria, nikapewa dozi ya wiki mbili. Mke wangu anao, shemeji anao. Mimi tu ndiye ninayeumwa. Kama ni wao wanaochimba, mbona wengine hawachimbiwi?

#14 Nesi_wa_Usiku
@Kijana_wa_Mbeya swali zuri kuliko majibu yaliyopo. Walio wengi wenye huyo bakteria hawapati kidonda kamwe. Yeye anaishi chini ya ute kwa kutengeneza amonia inayopoza asidi inayomzunguka. Kinachofuata kinategemea aina yake, damu yako, sigara, dawa unazomeza na mengine.

Kuna hata kitu kinaitwa fumbo la Afrika, jina lililoanza kutumika 1992. Bara letu lina maambukizi mengi sana ya huyu bakteria lakini saratani ya tumbo iliyoripotiwa ni kidogo kuliko ungetarajia. Wengine wanasema ni minyoo inabadilisha namna mwili unavyopigana naye. Wengine wanasema ni chakula. Wengine wanasema hakuna fumbo lolote, ni kwamba hatuna kamera za kutosha na watu wanakufa kabla ya kupimwa. Mimi nipo kundi la tatu, nimeona waliochelewa.

#15 Msomaji_Mkimya
Narudi kwa mleta mada, maana swali lake ni la zamani. Mwaka 1772 John Hunter, daktari mpasuaji wa London, aliandika kwamba aliwapasua watu waliokufa ghafla baada ya kula na kukuta tumbo lao limetobolewa na juisi yake lenyewe. Akahitimisha kwamba kinachomlinda aliye hai ni uhai wenyewe: kitu kilicho hai hakisagiki.

Jibu zuri. Lilisimama karibu miaka mia. Halafu Claude Bernard wa Ufaransa akachukua mbwa mwenye tundu lililotobolewa hadi tumboni, akaingiza miguu ya chura aliye hai kupitia tundu hilo. Miguu ikasagika, chura akiwa hai. Mwingereza Pavy akafanya vivyo hivyo kwa sikio la sungura. Kwa hiyo uhai peke yake si kinga, ngozi ya kawaida ikiwekwa pale inaliwa. Lazima ukuta wa tumbo una kitu chake.

#16 BintiPwani
Subhanallah, chura wa watu.

#17 Fundi_Spana
Sasa ndio nimeelewa kwa nini nilifeli baiolojia. Roho nyepesi.

#18 Mwalimu_wa_Zamu
Na kabla ya Bernard kulikuwa na Alexis St. Martin. Mkanada, mbeba mizigo wa biashara ya ngozi. Juni 1822 alipigwa risasi ya bahati mbaya katika kisiwa cha Mackinac, Marekani. Daktari wa jeshi William Beaumont akamtibu, akapona, lakini tundu la tumbo halikufunga. Likabaki mlango.

Beaumont akaona bahati. Alikuwa anafunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwenye uzi wa hariri, anaviteremsha tumboni, baada ya saa moja anavivuta kuangalia vimefikia wapi, anavirudisha. Alichota juisi akaiweka kwenye chupa yenye joto la mwili, nyama ikasagika humo humo nje ya mwili. Hapo akaonyesha kwamba ni kazi ya kemikali, siyo kupondwa tu. Aliandika pia kwamba jamaa akikasirika usagaji unavurugika. Kitabu kilitoka 1833.

#19 Kijana_wa_Mbeya
Na huyo St. Martin alilipwa?

#20 Mwalimu_wa_Zamu
Alikuwa na mkataba wa kitumishi wenye malipo, na alitoroka kurudi kwao zaidi ya mara moja. Alifariki 1880. Familia yake ilichelewesha maziko makusudi ili mwili uoze, madaktari wasije wakalichukua tumbo.

#21 MzeeKobe
Walifanya la maana.

#22 Mchinjaji
Mimi nipo machinjioni miaka mingi, sijasoma hayo ya Wafaransa. Nawaletea nilichokiona kwa macho. Mnaongelea tumbo tu, kuna kitu kinaitwa kongosho. Kipo nyuma ya tumbo, kimeng'ang'ania mkunjo wa kwanza wa utumbo mwembamba. Rangi kama waridi lililopauka, kinyama cha mafundo mafundo ndani ya mafuta. Wateja hawakijui, wengi wanadhani ni bandama. Bandama ni jeusi jekundu na laini, hivi ni vitu viwili.

Sasa hapa ndipo pa ajabu. Ukichinja saa kumi na moja alfajiri, ukaweka ini, moyo, figo na kongosho kwenye beseni moja, likaguswa na jua, mpaka saa nne kongosho limeshalegea, ukilibonyeza kidole kinazama. Ini bado zima. Kwa hiyo mkiuliza nani anajisaga mwenyewe, jibu siyo tumbo.

#23 Mwalimu_wa_Zamu
@Mchinjaji wewe ndiye uliyefungua uzi. Hapo umeligusa jambo zima.

Kongosho la binadamu lina urefu wa sentimita 15 hivi na uzito wa gramu 100 kidogo chini au juu. Kichwa chake kimekaa kwenye mkunjo wa duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, mkia unafika kwenye bandama. Wengi wakisikia kongosho wanawaza kisukari. Lakini visiwa vya Langerhans, vinavyotoa insulini, ni asilimia 1 au 2 tu ya nyama yake. Iliyobaki yote ni kiwanda cha mmeng'enyo. Kila siku linamwaga lita moja au moja na nusu ya juisi kwenye duodeni, ndani yake amilesi ya wanga, lipesi ya mafuta, na tripsini na wenzake wa protini. Tumbo linaanza tu kazi. Unaweza kukatwa tumbo lote ukaishi, ukichomwa sindano za vitamini B12, kwa sababu tumbo ndilo linalotoa kibebeo cha vitamini hiyo. Kongosho likikoma kutoa juisi bila dawa, unakula na unakonda.

Na uji unaotoka tumboni ni mchachu sana, vimeng'enya vya kongosho haviwezi kufanya kazi humo. Kwa hiyo juisi ya kongosho imejaa bikaboneti. MzeeKobe, kongosho ndilo magadi ya mwili.

#24 MzeeKobe
Niliwaambia.

#25 Msomaji_Mkimya
Na linajuaje wakati wa kumwaga? Hapa palikuwa na ugomvi. Pavlov, yule wa mbwa na mate, Nobel yake ya 1904 ilikuwa ya mmeng'enyo. Yeye na wanafunzi wake waliamini ni mishipa ya fahamu. Kwa njia, maabara yake ya St. Petersburg iliuza juisi ya matumbo ya mbwa kama dawa ya watu wenye shida ya kusaga chakula, biashara ikaenda.

Mwaka 1902 huko London, Bayliss na Starling walikata mishipa yote ya fahamu inayokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, wakakimwagia asidi. Kongosho likatoa juisi kama kawaida. Kwa hiyo ujumbe ulipita kwenye damu. Wakauita sikretini, na mwaka 1905 Starling akaleta jina homoni. Jaribio liliporudiwa kwenye maabara ya Pavlov, naye akakubali ni kweli. Ila mishipa nayo haikufutwa, leo tunajua vyote viwili vinafanya kazi.

Alichokiona Mchinjaji ndicho kilichowatesa watafiti wa insulini pia. Insulini ni protini. Ukilisaga kongosho ili uipate, tripsini iliyomo inaila. Banting na Best walipohangaika na hilo Toronto mwaka 1921, walianza kwa kufunga mirija ya kongosho la mbwa ili sehemu ya vimeng'enya ife kwanza. Baadaye wakatumia makongosho ya ndama ambao hawajazaliwa na ya ng'ombe kutoka machinjioni, wakatoa insulini kwa alkoholi. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa sindano.

#26 Mchinjaji
Kumbe ningekuwa Toronto ningekuwa tajiri.

#27 Mtoto_wa_Kahama
Naomba kuongeza la nyumbani. Kaka yangu alikuwa mtu wa gongo na pombe kali za paketi enzi zile. Siku moja usiku akaanza kuumwa juu ya kitovu, maumivu yanapenya hadi mgongoni. Alikuwa anakaa kainama mbele, amekumbatia mto, ndiyo anapata nafuu. Kutapika hakuishi. Tukampeleka, sehemu ya kwanza wakasema vidonda vya tumbo, wakampa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, tukarudi. Kesho yake hali mbaya. Sehemu ya pili wakapima damu wakasema kongosho limevimba, linajisaga. Alilala na maji ya mshipa, haruhusiwi kula. Alipona, lakini sasa hivi akila kitu cha mafuta choo kinaelea, kina mng'ao wa mafuta na harufu kali. Na amekonda, na sukari imeanza.

Swali langu: kama tumbo lina ute, kongosho lina nini? Na kwa nini la kwake lilijiwasha?

#28 Nesi_wa_Usiku
@Mtoto_wa_Kahama pole sana. Hiyo kuinama mbele ni dalili tunayoitafuta. Damu hupimwa lipesi au amilesi. Ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida na maumivu yanafanana, tunasema ni kongosho. Sababu mbili kubwa ni mawe ya nyongo na pombe. Mwambie asiguse tone, kila kipindi kinaua nyama nyingine.

#29 Mwalimu_wa_Zamu
Kinga ya kongosho ni kutotoa silaha ikiwa imeshawashwa, kama lile la pepsinojeni huko juu. Linatoa tripsinojeni, isiyo na nguvu. Kiwashio kipo nje, kwenye ukuta wa duodeni, kimeng'enya kinaitwa enterokinesi. Tripsini ikishawaka inawasha zote zilizobaki. Na ndani ya kongosho kuna kizuizi kidogo, kinaikamata tripsini yoyote itakayowaka kabla ya wakati.

Pombe inachanganya mpango huo. Ndani ya seli tripsinojeni inakutana na kimeng'enya kingine kisichotakiwa kukaa nayo, kinaiwasha humo humo.

#30 Msomaji_Mkimya
Hapo Mwalimu kaeleza kama vile kesi imefungwa. Haijafungwa. Mwaka 1896 Hans Chiari wa Prague alisema ni kongosho kujisaga. Mwaka 1901 Eugene Opie wa Marekani akakuta jiwe la nyongo limekwama pale mrija wa nyongo na wa kongosho unapokutana, akasema nyongo inarudi nyuma na kuliunguza. Sasa kuna hiyo ya vimeng'enya kukutana ndani ya seli. Halafu kuna wanaosema tripsini siyo mkosaji mkuu: panya walioondolewa aina kuu ya tripsinojeni, seli zilizokufa zilipungua lakini uvimbe ulibaki. Wanadai uvimbe unaanza kwa njia yake, pembeni.

#31 Kijana_wa_Mbeya
Kwa hiyo Chiari, Opie, panya, wote wana kesi. Na kaka wa watu bado anakonda.

#32 Mzaramo_Halisi
Mimi babu yangu hakunywa pombe maisha yake yote na alikuwa na kongosho lenye mawe, daktari alisema kwenye picha. Kisukari juu yake. Kuna mtu aliniambia ni muhogo. Sisi muhogo asubuhi, muhogo jioni.

#33 Msomaji_Mkimya
@Mzaramo_Halisi hiyo ipo. Ugonjwa wa kongosho wenye mawe kwa vijana wasiokunywa ulielezwa Indonesia mwaka 1959, halafu ukaonekana sana Kerala, India, ambako muhogo unaliwa na maskini. Miaka ya 1970 wakasema ni sianidi, sumu iliyomo kwenye muhogo. Lakini zipo sehemu zinazokula muhogo zaidi bila ugonjwa huo, na zipo zenye ugonjwa bila muhogo. Baadaye wagonjwa wengi wakakutwa na kasoro ya kurithi kwenye kile kizuizi alichokitaja Mwalimu.

#34 Mzaramo_Halisi
Kwa hiyo muhogo una kesi ya kujibu au hauna?

#35 Daktari_Mifugo
Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri una kesi nyingine nzito, konzo, inayopoozesha miguu. Hii ya kongosho ushahidi ni dhaifu. Wewe loweka, kausha, kula.

#36 BintiPwani
Nimesoma yote, hamujambo. Mie sijui hizo tripsini, ila mishikaki naijua. Nyama ngumu ya ng'ombe naipaka papai bichi lililopondwa na maganda yake, tangawizi, thomu, ndimu. Saa mbili tatu tosha. Siku moja msichana wangu aliiacha usiku kucha, asubuhi naishika nyama inapukutika, haishiki hata kijiti. Je ndiyo mambo hayo hayo?

#37 Mwalimu_wa_Zamu
Ndiyo hayo hayo dada. Utomvu wa papai bichi una papaini, kimeng'enya cha kukata protini, na hakihitaji asidi kali kama pepsini. Papai likiiva kinapungua sana ndiyo maana unatumia bichi.

#38 Fundi_Spana
Basi kaka yake @Mtoto_wa_Kahama apewe papai bichi, shida imekwisha.

#39 Nesi_wa_Usiku
Hapana. Linakata protini tu, na shida yake kubwa ni mafuta, anahitaji lipesi. Kuna vidonge vyenye vimeng'enya vya kongosho, vinamezwa pamoja na mlo, siyo kabla wala saa mbili baadaye, na vina ganda la kuvikinga na asidi ya tumbo. Aulize hospitali. Vina bei.

#40 Mtoto_wa_Kahama
Tuliambiwa vipo. Tatizo tukaambiwa vinatokana na kongosho la nguruwe. Kaka ni Muislamu, akasema bora akonde.

#41 BintiPwani
Mwambie asiseme hivyo. Dharura ina hukumu yake. Amuulize shehe wake amueleze hali ilivyo. Babangu zamani alichoma insulini ya nguruwe miaka kabla haijaja ya sasa, na shehe wetu alimruhusu.

#42 Msomaji_Mkimya
Insulini sasa hiyo shida haina sana, tangu 1982 kuna ya binadamu inayotengenezwa na bakteria kwenye maabara. Vidonge vya vimeng'enya ndiyo vingi bado ni vya nguruwe.

#43 Kijana_wa_Mbeya
Narudi kwangu. Nimemaliza dozi mara mbili, kipimo kinasema bakteria hawapo, kidonda kipo. Nini tena?

#44 Nesi_wa_Usiku
Kwanza dawa za maumivu, jiulize kweli kweli, hata zile za mgongo unazopewa na rafiki. Sigara. Kama vyote hamna, omba wakupime gastrini. Kuna uvimbe mdogo, mara nyingi unakaa kwenye kongosho au duodeni, unamwaga homoni hiyo bila breki, na tumbo linatoa asidi mpaka vidonda vinatokea hata sehemu zisizo za kawaida. Zollinger na Ellison waliueleza 1955. Ni nadra mno, usianze kukosa usingizi kwa ajili yake. Lakini kidonda kisichopona baada ya dozi kamili lazima kirudi kwa daktari, kikatwe kipande kipimwe.

#45 Kijana_wa_Mbeya
Diklofenaki ya goti nameza. Ya mpira.

#46 Nesi_wa_Usiku
Kijana!

#47 MzeeKobe
Na maji wakati wa kula? Mimi niliambiwa yanazimua asidi.

#48 Mwalimu_wa_Zamu
Glasi moja haina shida mzee. Tumbo linapima asidi yake na kuongeza, na maji yanapita haraka kuliko chakula. Chakula cha mafuta ndicho kinachokaa, duodeni ikionja mafuta inaliambia tumbo lipunguze mwendo.

#49 MzeeKobe
Mimi nikinywa maji na ugali navimbiwa. Hilo nalijua kwa tumbo langu.

#50 Fundi_Spana
Swali la mwisho kabla sijalala. Kuku hana meno, anameza mawe. Firigisi inasaga mawe na mahindi. Yeye kinga yake ni ipi? Na asidi anayo?

#51 Daktari_Mifugo
Anayo. Kuku ana matumbo mawili. La kwanza dogo, juu ya firigisi, ndilo linalotoa asidi na pepsini. Vyote vinateremka kwenye firigisi, ambako misuli na mawe vinaponda. Ile ngozi ngumu ya njano mnayoibandua mnapoosha firigisi ndiyo kinga. Tezi za firigisi zinatoa ute, na asidi ndiyo inayougandisha ukawa mgumu hivyo. Umanjano wake ni rangi ya nyongo inayorudi kutoka chini.

#52 BintiPwani
Mie mama mkwe wangu alikuwa akiikausha ile ngozi, anaisaga, anampa mtoto mwenye tumbo la kujaa.

#53 Daktari_Mifugo
Wachina nao wanafanya hivyo hivyo tangu zamani, inauzwa madukani mwao.

#54 Mchinjaji
Hebu subirini. Hizo ngozi za firigisi mimi natupa ndoo nzima kila siku. Nani ananunua?